Jibu la fundi: jeneza la kioo na santuri za baba

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, sasa nipo Frankfurt kwa masomo. Marehemu baba ameniachia sanduku la santuri. Nyingi ni zile ndogo za taarabu za miaka ya 1960 na 1970, chache ni kubwa za stereo, na mbili tatu ni nzito za kale, zinazovunjika kama sahani. Juzi katika soko la mitumba nimeona gramafoni nyeupe ya Braun, ubavuni mbao, kifuniko chake kinaonyesha ndani. Muuzaji anasema ni SK 4 ya mwaka 1956, na bei anayotaka ni sawa na kodi yangu ya miezi miwili. Nimeipenda mno. Je, niinunue? Na nikitaka kukusanya vyombo vya namna hii, visivyo na mbwembwe, ili siku moja nirudi navyo nyumbani, nianzie wapi?

Jibu:

Marahaba binti yangu, na pole kwa kuondokewa na baba. Santuri alizokuachia ni amana, na ndizo zitakazoongoza jibu langu lote. Lile la kwanza nakujibu papo hapo: usiinunue bado. Chombo ulichokiona ni miongoni mwa vitu vizuri vilivyopata kutoka kiwandani, na mimi mwenyewe nimeishi na ndugu yake kwa miaka mingi, kwa hiyo sikulaumu kwa kukipenda. Lakini kukipenda ni jambo moja, na kukiwekea santuri za baba yako ni jambo jingine kabisa.

Sikiliza kwanza kilikotoka, maana usipojua hilo hutajua unalipia nini.

Mpaka katikati ya miaka ya 1950 redio ya Kijerumani ilikuwa kabati. Mbao za kahawia zilipigwa vanishi mpaka ukajiona uso, mistari ya rangi ya dhahabu ikazunguka kingo, mbele ya spika kikawambwa kitambaa cha kufumwa, na chini vikapangwa vitufe vyeupe kama meno. Jamaa zake unawajua. Ni ile rediogramu ya sebuleni kwa bibi, iliyofunikwa kitambaa cha mkono, juu yake chombo cha maua na picha ya harusi. Ilikuwa samani ya kuonyesha neema ya mwenye nyumba. Muziki ulitoka humo, naam, lakini kabati lenyewe ndilo lililotangulia kusema.

Kampuni ya Braun ilianzishwa na Max Braun mwaka 1921, hapo hapo Frankfurt unapoishi. Alipofariki mwaka 1951 wanawe wawili wakaishika, Artur upande wa uhandisi na Erwin upande wa biashara. Erwin aliona kwamba vijana waliokuwa wakijenga maisha upya baada ya vita walikuwa wakinunua viti vyepesi na meza zisizo na nakshi, kisha wakirudi nyumbani na redio iliyofanana na kabati la babu yao. Akamwita Fritz Eichler, mtu wa tamthilia na filamu, asimamie sura ya bidhaa zote. Wakaenda Ulm, kwenye shule mpya ya usanifu iliyoitwa Hochschule für Gestaltung, wakawapata wasanifu Otl Aicher na Hans Gugelot. Huyu Gugelot alizaliwa Makassar, Indonesia. Mwaka 1955, kwenye maonyesho makubwa ya redio mjini Düsseldorf, Braun walisimama na vyombo ambavyo wenzao hawakujua waviweke kundi gani: masanduku ya mbao nyepesi au ya rangi ya mwanga, mistari iliyonyooka, hakuna dhahabu, hakuna kitambaa cha maua.

Mwaka huo huo wakamwajiri kijana wa miaka 23 kutoka Wiesbaden, Dieter Rams, mjukuu wa seremala. Hakuja kusanifu redio. Alikuja kama msanifu majengo, apange vyumba vya kampuni. Haikuchukua muda akawa amekaa meza moja na watu wa bidhaa, na mwaka uliofuata, 1956, ikatoka SK 4.

Ukikutana nayo tena Jumamosi, itazame kama fundi anavyotazama. Mwili wake ni bati lililokunjwa na kupakwa rangi nyeupe. Mbavu mbili za mbao za mti wa Ulaya, Wajerumani huuita Ulme, zinalibana bati hilo kushoto na kulia. Mbele kuna matundu membamba yaliyopangwa kwa mstari, na spika imejificha nyuma yake. Sahani ya kuchezea santuri, mkono wake, vitufe na kipimo cha stesheni vyote viko juu, mbele ya macho yako, wala hufungui mlango wowote. Hicho ndicho kilichokuwa kigeni. Zamani gramafoni ilifichwa ndani ya kabati kama kitu cha aibu. Gugelot na Rams waliitoa, wakaiweka wazi, wakampa mtumiaji heshima ya kuona kinachofanya kazi.

Na kifuniko kile. Mwanzoni kilikuwa kiwe cha bati kama mwili wenyewe. Walipokijaribu, muziki ukipanda bati linatetema nao, linapiga kelele. Rams ndiye aliyesema watumie plastiki angavu ya akriliki, ambayo siku zile ilikuwa bado kitu kipya kwa vyombo vya nyumbani. Kelele ikaisha, na sura nzima ya gramafoni ikabadilika. Karibu kila gramafoni uliyoiona maishani mwako yenye kifuniko cha kuona ndani imetoka kwenye tatizo lile la bati. Wazee wetu walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Watu wengi wakitazama chombo kitupu namna hii hudhani msanifu hakufanya kazi, kumbe kila kilichoondolewa pale kilijadiliwa, kikapimwa, na mahali pake pakatafutiwa suluhisho.

Washindani waliicheka. Wakaiita Schneewittchensarg, yaani jeneza la Binti Theluji, yule wa hadithi ya Kijerumani aliyelazwa ndani ya jeneza la kioo ili watu waendelee kumwona. Leo jina hilo hilo ndilo linalopandisha bei, na jumba la Museum of Modern Art la New York linayo moja katika hazina yake.

Sasa nikuambie lile ambalo muuzaji hatakuambia: SK 4 haina sauti kubwa ya ajabu. Ni ya mono, yaani ya sauti ya njia moja tu, ina spika moja, na spika hiyo imo ndani ya sanduku lile lile lenye sindano. Sauti yake ni ya upole, ya redio nzuri ya mezani, inayofaa mtu anayekunywa chai na kusoma. Mimi huipenda asubuhi. Lakini anayekuuzia kama kilele cha sauti safi anakuuzia uso.

Safari ya sauti yenyewe ilianza miaka michache baadaye, na hapa ndipo mkusanyaji anapopaswa kukaa. Mwaka 1959 Braun walitoa studio 2, vyombo vilivyotenganishwa: gramafoni na vidhibiti katika sanduku moja, redio katika jingine, amplifaya ya nguvu katika la tatu. Kipindi hicho hicho wakapata leseni kutoka Uingereza ya kutengeneza spika za umemetuli za Peter Walker wa kampuni ya Quad, wakaziita LE 1: ubao mwembamba uliosimama kwa miguu ya chuma, ndani yake utando mwepesi kuliko karatasi unaosukumwa na volti maelfu. Nimezisikiliza mara chache, na kila mara sauti ya mwimbaji ilinifanya ninyamaze. Wewe usizitamani. Nitakueleza sababu nikifika kwenye hali ya hewa ya Tanga.

Mwaka 1962 ikaja audio 1. Valvu, zile taa za kioo za kukuza sauti, zimeondoka, na transista, vipande vidogo vya kazi hiyo hiyo, zimeingia, na gramafoni, redio na amplifaya zimelala katika sanduku moja pana na la chini, huku spika zikiwa mbali, popote unapotaka. Rams alikuwa ameshachora rafu za ukutani, zile zinazotengenezwa mpaka leo na kampuni ya Vitsœ kwa jina la 606, kwa hiyo akili yake haikuwa kwenye chombo kimoja. Aliona ukuta mzima wenye vitabu, redio, tepu rekoda na spika, vyote kwa kipimo kinachokubaliana. Miaka ya 1964 na 1965 vikafuata vyombo vya kutundika: redio yenye amplifaya TS 45, tepu rekoda TG 60 ambayo magurudumu yake ya utepe yanazunguka ukutani kama saa, na spika bapa za L 450. Ukizipata zote tatu zimetundikwa pamoja, kaa chini uzitazame, maana hutaziona mara nyingi.

Ndani ya kampuni walipenda kufananisha chombo chema na mtumishi mzuri wa nyumba: awepo pale anapohitajiwa, na akimaliza arudi nyuma, asionekane. Naupenda mfano huo kwa sababu unaeleza kwa nini vitu hivi havichoshi macho baada ya miaka 60. Havikuombi uvitazame.

Mwaka 1967 Gillette ya Marekani ikainunua kampuni, na idara ya muziki ikaendelea kwa miaka mingine zaidi ya 20. Mwisho wake ni mfululizo wa atelier, ulioanza mwaka 1980, kazi ya Peter Hartwein pamoja na Rams. Ni masanduku membamba ya upana mmoja, meusi au ya kijivu hafifu, yanayopangwa moja juu ya jingine. Vitufe unavyotumia kila siku viko mbele, visivyotumika sana vimefichwa nyuma ya kijimlango. Na nyuma, mahali ambapo kila kampuni iliacha nyoka wa waya, kuna kifuniko kinachoficha plagi zote, ili uweze kukiweka chombo katikati ya chumba na mgongo wake ukawa safi kama uso. Karibu na mwaka 1990 Braun wakatoa toleo la mwisho, wakaliita hivyo hivyo, la mwisho, kisha wakaacha kutengeneza vyombo vya muziki vya aina hii.

Turudi kwenye gramafoni yako ya sokoni. Kwanza, huenda si SK 4. Umbo lile lilitengenezwa kwa miaka mingi kwa majina tofauti: SK 4 mwaka 1956, SK 5 iliyofuata, SK 6 ya stereo, na SK 55 ya mwaka 1963. Kwa mbali zinafanana kama mapacha, na kwa kuwa SK 4 ndiyo yenye jina, nyingine nyingi huuzwa kwa jina lake, wakati mwingine kwa kutojua, wakati mwingine kwa makusudi. Omba ruhusa uigeuze. Tafuta kibao cha aina, usome maandishi mwenyewe. Asiyekuruhusu kugeuza chombo, muage kwa heshima. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Ukishajua ni ipi, tazama kifuniko. Nyufa ndogo kwenye mikunjo ni kawaida ya umri, lakini kifuniko kisicho hata na mchubuko huenda ni cha kisasa, kilichotengenezwa upya. Si kosa kuwa cha kisasa, mradi bei ikubali hivyo. Ukikipata cha asili, usikisafishe kwa spiriti wala dawa ya vioo. Akriliki huchukia alkoholi, hupasuka nyufa nyembamba kama utando wa buibui na haziondoki tena. Tumia maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa laini. Tazama rangi ya bati pia. Rangi ya asili iliyochubuka ina thamani kuliko rangi mpya inayong'aa, na mtu aliyepaka upya mara nyingi amefuta hata maandishi madogo ya kipimo, ambayo hayarudishwi. Hesabu vitufe. Kitufe kimoja kilichopotea kitakutafutisha mwaka mzima.

Halafu, nakuomba sana, usikubali kuiwasha pale sokoni. Nilipokuwa mwanagenzi Ujerumani nilinunua moja ya jamii hii kwa mtu aliyeniapia kwamba inaimba. Nikafika chumbani, nikaichomeka moja kwa moja. Iliimba kwa muda usiozidi kikombe cha chai, kisha chumba kikajaa harufu mbaya ya kitu kilichooza, na transfoma ikawa ya moto hata haishikiki. Ndani ya redio za enzi hizo kuna kapasita za karatasi, vijidude vya kuhifadhi umeme, ambazo baada ya miongo mingi huanza kuvujisha umeme, na kuna kinyoosha umeme cha seleniamu ambacho kikiungua hutoa harufu ile, na hewa yake si ya kuvutwa. Fundi makini hubadilisha hizo zote kabla ya jambo lolote, kisha hukiamsha chombo polepole kwa taa iliyofungwa mfululizo nacho, ili hitilafu ikiwapo iwake taa badala ya kuungua transfoma. Gharama ya kazi hiyo iweke kichwani unapojadili bei. Chombo ambacho hakijafunguliwa tangu kiwandani kihesabu kuwa kibovu, hata kama kinaimba.

Sasa santuri za baba. Hapa ndipo ninapotaka unielewe vizuri.

SK 4 hutumia katriji ya fuwele, katriji ikiwa ni kile kichwa kidogo kinachoshika sindano. Sindano inapotikiswa na mfereji wa santuri hukunja kijipande cha fuwele, na fuwele ikikunjwa hutoa umeme. Umeme huo ndio sauti. Ni ufundi mzuri na rahisi, lakini unataka sindano ikandamize kwa gramu kadhaa, ilhali katriji ya sumaku ya leo huridhika na gramu 2 hivi. Tena katriji ya mono imetengenezwa icheze kushoto na kulia tu. Mfereji wa stereo una mwendo wa juu na chini pia. Ukiiweka santuri ya stereo chini ya sindano ya namna ile, sindano haifuati, inalima. Mara chache tu na zile sauti nyembamba za juu zimekwisha, hazirudi.

Utasema santuri ndogo za taarabu ni mono, basi zinafaa. Kwa jinsi zilivyotengenezwa, ndiyo. Lakini fikiri ni nini ulicho nacho. Kama ni za vikundi vya Tanga kama Black Star na Lucky Star, zile zilizotolewa Mombasa kwa chapa ya Mzuri, hizo zimeshachezwa harusini na barazani kwa sindano zilizochakaa, na zilizobaki na uhai si nyingi. Sitaki santuri ya baba yako iwe mahali pa kujaribia sindano ya miaka 60. Zicheze kwenye gramafoni yenye katriji ya sumaku na sindano mpya ya ncha ya duara, kisha mara ya kwanza tu uzirekodi, ili usikie nakala kila siku na asili yake ipumzike. Kama tundu la katikati ni kubwa, tafuta kipete chake. Usiikadirie kwa macho, maana santuri ikikaa upande, sauti inayumba kama mlevi.

Zile nzito zinazovunjika ni za mizunguko 78 kwa dakika. SK 4 ina mwendo huo, pamoja na 16, 33 na 45, na hilo ni jambo zuri kwake. Lakini mfereji wa santuri hizo ni mpana mara mbili na zaidi ya mfereji wa santuri za baadaye, kwa hiyo huhitaji sindano yake maalumu. Ukitumia nyembamba inatumbukia chini kabisa na kusoma vumbi. Ukifungua karatasi ukakuta mojawapo ni ya Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, usiipige kabisa. Ifunge, isimamishe wima, unijulishe.

Ndiyo maana nasema anza na santuri, chombo kifuate. Hao wasanifu walijitahidi kukipunguza chombo ili kisimzuie mtu kuufikia muziki. Mkusanyaji anayenunua chombo kwa ajili ya sura, kisha hana cha kuchezea au anaharibu alicho nacho, amekirudisha kwenye ukabati ule ule walioukimbia.

Wewe ningekushauri utafute audio ya mwishoni mwa miaka ya 1960 au mwanzoni mwa miaka ya 1970: audio 250 ya mwaka 1967, audio 300 ya 1969, au audio 310 ya 1971. Zina sura ile ile ya utulivu, sanduku jeupe au la rangi ya mkaa, kifuniko angavu, vitufe vya duara vilivyopangwa kama mtu amepiga mstari kwa rula. Zina stereo, zina katriji ya sumaku, na sindano za kubadilisha bado zinapatikana. Jina lao si kubwa kama la SK 4, kwa hiyo bei nayo ina adabu. Ukipata audio 308 ya mwaka 1973, ile yenye uso ulioinamishwa kidogo kumwelekea mtu, sitakuzuia, ingawa moyo wangu uko kwa zile bapa. Audio 1 yenyewe ni nzuri ya kuhifadhi, lakini transista zake ni za jemaniamu, na jemaniamu haipatani na joto.

Hapo tumefika nyumbani. Mtu anayekusanya vyombo hivi Ulaya hana adui kama wako. Katriji nyingi za fuwele za miaka ile ni za chumvi ya Rochelle, na kama jina linavyosema, ni chumvi: unyevu unaila, na joto la nyuzi 55 linaiua moja kwa moja. Kontena lililosimama juani bandarini linafika joto hilo bila shida. Ndiyo sababu rediogramu nyingi za mwambao zilinyamaza mapema kuliko ndugu zake wa Ulaya, na watu wakasingizia spika. Spika za umemetuli nazo, zenye volti maelfu, katika hewa ya bahari zinaanza kuvujisha umeme na kutatarika. Ziache huko huko. Sifongo inayozunguka koni za spika za miaka ya 1970 na 1980 huoza na kuwa unga hata Ulaya. Huko Tanga itaoza upesi zaidi, kwa hiyo ukinunua spika chagua zenye mzunguko wa mpira, au ujue kwamba utazivisha upya. Mbao za ubavuni usiziegemeze ukutani wala kuziweka sakafuni, mchwa hawajui Rams ni nani.

Umeme usikutie hofu sana. Ujerumani na Tanzania zote zina hezi 50, kwa hiyo mota ya gramafoni itazunguka kwa mwendo wake. Ingetoka Marekani, yenye hezi 60, lingekuwa jambo jingine. Ila vyombo hivi vilipimwa kwa volti 220, na siku hizi kote kumepanda hadi 230, nyumbani wakati mwingine zaidi. Weka stabilaiza nzuri, na kama chombo chako kina kiteuzi cha volti nyuma, kisogeze hatua ya juu. Radi ikianza, chomoa.

Mambo mawili ya waya. Vyombo vya Kijerumani vya miaka hiyo havitumii plagi za kawaida za leo. Utakuta plagi ya duara yenye pini 5 kwa ajili ya gramafoni na tepu, na kwa spika plagi yenye pini moja ya duara na moja bapa. Nunua za kutosha ukiwa huko, pamoja na vigeuzi vyake, maana Kariakoo utazunguka siku nzima. La pili, redio zake za FM nyingi huishia megahezi 100 au 104, hazifiki 108, kwa hiyo baadhi ya stesheni za nyumbani hutazipata. Usimruhusu fundi yeyote akukunjie koili, yaani waya uliosokotwa wa kunasa stesheni, ili zipatikane. Akishaigusa, hairudi ilivyokuwa.

Na ile SK? Ukija kuithibitisha, bei ikashuka, na ukawa na fundi wa kuifungua, inunue siku moja iwe ya redio ya asubuhi na ya macho. Sikatazi. Isiwe tu ya kwanza.

Soko la Jumamosi mjini kwako huhama, wiki moja liko kando ya mto Main mtaa wa Schaumainkai, wiki nyingine Osthafen. Wiki likiwa Schaumainkai, kabla hujaanza kutafuta ingia Museum Angewandte Kunst, iko mtaa huo huo, uulize chumba cha kazi za Rams. Kaa humo mpaka jicho lizoee weupe wa rangi ya asili, nafasi kati ya kitufe na kitufe, na mng'aro wa kifuniko cha kweli. Ukitoka hapo nenda moja kwa moja kwa muuzaji wako, ukiwa na tochi na kitambaa. Igeuze, piga picha kibao cha aina na sehemu ya ndani kupitia matundu ya nyuma, uniletee. Pamoja nazo niandikie maandishi yaliyo kwenye karatasi za katikati za santuri za baba, moja baada ya nyingine, hata zile usizoweza kusoma vizuri.